Molekuli moja moja: namna ya kuitazama protini ikiishika DNA

Mililita moja ya myeyusho wenye DNA ya nanomola 1 hubeba molekuli zipatazo bilioni 600. Ukitia protini humo na kupima kwa jeli, ambamo umeme huivuta DNA, unachosoma ni wastani wa molekuli zote hizo kwa mkupuo. Tuseme wastani unaonyesha kwamba nusu ya DNA imekunjwa. Je, nusu ya molekuli zimekunjwa muda wote na nusu nyingine hazijaguswa, au kila molekuli inakunjwa na kukunjuka, ikitumia nusu ya muda wake huku na nusu kule? Jeli haiwezi kutofautisha. Anayepima molekuli moja moja analiona jibu kwenye skrini, kwa sababu anaifuata DNA ile ile kwa nusu saa nzima.

Njia hizi zilianza kushika kasi mapema miaka ya 1990. Mwaka 1991 Schafer, Gelles, Sheetz na Landick walionyesha polimerasi moja ya RNA, protini inayonakili jeni kuwa RNA, ikiisoma DNA. Mwaka 1992 Smith, Finzi na Bustamante waliinyoosha DNA moja kwa sumaku na mkondo wa maji. Mwaka 1995 Finzi na Gelles waliitazama LacI, protini ya bakteria E. coli, ikifunga kitanzi kwenye DNA moja na kukifungua. Jaribio hilo la mwisho ndilo tutakalolifuata kwa karibu, kwa kuwa halihitaji leza, protini yake inajulikana sana, na makosa yote ambayo mwanafunzi atakutana nayo kwenye mashine za gharama yamo humo tayari. Wengi wanaoanza hujiandaa kwa fizikia na hesabu, halafu wanakwama kwenye kioo: namna ya kukisafisha, kukifunika, na kukifanya kishike kile unachotaka tu.

Nambari za kuanzia

Jozi moja ya besi huchukua nanomita 0.34, hivyo DNA ya jozi 900 ina urefu wa nanomita 306 ikinyooshwa. Ndani ya maji hainyooki yenyewe. Inagongwa kila upande, na ugumu wake unaiweka imenyooka kwa nanomita 50 tu hivi, sawa na jozi 150, kabla mwelekeo wake haujapotea. Kipimo cha mgongano huo wa joto, katika joto la chumba, ni pikonyutoni-nanomita 4.1. Nambari hiyo itajitokeza kila mahali. Ukivuta kwa pikonyutoni 1 kwa umbali wa nanomita 4, umefanya kazi inayolingana na ile ambayo maji yenyewe yanaifanya bila kuombwa, kwa hiyo usishangae kipimo chako kikitikisika.

Upande wa juu, polimerasi ya RNA ya E. coli husimama ikivutwa nyuma kwa pikonyutoni 25 hivi, na DNA yenyewe ikifikishwa kwenye pikonyutoni 65 hurefuka ghafla hadi takriban mara 1.7 ya urefu wake wa kawaida. Hivyo basi kazi karibu yote ya DNA na protini inafanyika kati ya sehemu ya kumi ya pikonyutoni na makumi machache.

Chombo hufuata swali

Ukitaka kujua kama protini inaifupisha DNA, kwa kuikunja au kuifungia kitanzi, shanga iliyofungwa kwenye DNA inatosha. Ukitaka kujua protini imekaa kwa muda gani, au inatembea vipi juu ya DNA, unahitaji kuipaka rangi inayong'aa na kuitazama kwa uakisi kamili wa ndani, ambapo leza inamulika tabaka jembamba tu juu ya kioo. Mabadiliko ya umbali wa nanomita 3 hadi 8 ni kazi ya FRET, ambapo rangi moja huipa nishati yake rangi nyingine iliyo karibu. Msokoto wa DNA ni wa kibano cha sumaku, ambacho huvuta na kuzungusha shanga kwa sumaku. Hatua za mota inayovuta, moja baada ya nyingine, ni za kibano cha mwanga, chombo kinachoshika shanga kwa leza, ambacho Arthur Ashkin alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2018 kwa kukibuni. Mwaka 2005 kundi la Steven Block liliona kwa chombo hicho polimerasi ikisonga jozi moja moja, yaani nanomita 0.34 kwa hatua.

Wanafunzi wengi huchagua chombo kwanza, kwa kuwa kipo au kwa kuwa kinavutia, halafu wanatafuta swali la kukifaa. Matokeo yake ni miezi ya kupanga vioo kwa ajili ya jibu ambalo shanga ya nusu mikromita ingelitoa kwa wiki chache.

LacI na kitanzi chake

LacI huzuia jeni za kutumia laktosi zisisomwe. Ni protini ya vipande vinne vilivyoungana wawili wawili, na kila jozi ina kichwa kinachoshika kipande maalumu cha DNA kiitwacho operata. Kwenye E. coli operata kuu, O1, iko jozi 92 kutoka O3 na jozi 401 kutoka O2. Kwa kuwa protini moja ina vichwa viwili, inaweza kushika operata mbili kwa pamoja na kuikunja DNA iliyo katikati kuwa kitanzi.

Sasa chukua DNA ya jozi 900 yenye operata mbili zilizoachana kwa jozi 300 hivi. Mwisho mmoja umefungwa kwenye kioo, mwingine una shanga ya plastiki ya nusu mikromita. DNA huioni, lakini shanga unaiona kwa hadubini ya kawaida. Inacheza kama mbuzi aliyefungwa kambani: kamba ikifupishwa, eneo la malisho linapungua. Kitanzi kikifungwa, mchezo wa shanga unapungua kwa makumi ya nanomita, kikifunguka, unarudi.

*DNA.* Iongeze kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, ukitumia praima mbili (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala), moja yenye bayotini na nyingine yenye digoksijenini. Bayotini itashika streptavidini iliyo juu ya shanga. Digoksijenini itashika kingamwili yake iliyo juu ya kioo. Praima zilizobaki ziondoe zote kwa safu ya kusafishia au kwa kukata bendi kwenye jeli. Praima fupi yenye bayotini inafika kwenye shanga haraka kuliko DNA ndefu, inajaza nafasi zote, na wewe unabaki na shanga safi zisizoshika kitu. Baada ya kusafisha, piga hesabu: nanogramu 1 kwa mikrolita ya DNA ya jozi 900 ni takriban nanomola 1.7. Igawe kwenye mirija midogo na uihifadhi kwenye nyuzi −20. Kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara kunaikata.

*Chemba.* Slaidi ya kawaida, vipande viwili vya utepe wa gundi pande zote mbili wenye unene wa milimita 0.1, na kifuniko cha kioo chenye unene wa milimita 0.17. Unene huo wa kifuniko si wa kuchagua, kwa kuwa lenzi nzuri zimetengenezwa kwa ajili yake. Njia yenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 22 inabeba mikrolita 11. Kila unapobadilisha myeyusho, pitisha angalau mara tano ya ujazo huo, maana wa zamani hauondoki wote kwa mara moja.

Vifuniko visafishwe kwa potasi haidroksaidi ya mola 1 ndani ya chombo cha mawimbi ya sauti kwa dakika 30, visuuzwe kwa maji safi mara nyingi, vikaushwe kwa naitrojeni. Wako wanaotumia mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na haidrojeni peroksaidi kwa uwiano wa 3 kwa 1. Unasafisha kweli, lakini ukikutana na tone la asetoni lililosahaulika kwenye bika unaweza kulipuka. Kwa jaribio la shanga hauna haja nao.

*Kufunga.* Ingiza kingamwili ya digoksijenini kwa mikrogramu 20 kwa mililita, subiri dakika 30. Suuza, kisha ingiza bafa ya kufunika: Tris milimola 20 yenye pH 7.5, KCl milimola 130, EDTA milimola 0.1, na kaseini miligramu 1 kwa mililita iliyochujwa kwa matundu ya mikromita 0.2. Kaseini ndiyo inayokaa kwenye kila nafasi ya kioo iliyobaki wazi. Isipochujwa, madonge yake yatashika shanga na utadhani umepata DNA nyingi. Baada ya dakika 20 ingiza DNA ya pikomola 100, subiri saa moja, suuza, kisha ingiza shanga.

Shanga zioshwe kwanza mara tatu kwa kuzizungusha kwenye mashinepewa (sentrifuji) na kumwaga maji ya juu. Ndani ya chupa streptavidini hubanduka taratibu ikaelea yenyewe, na hiyo iliyobanduka inashika bayotini ya DNA kabla shanga haijafika. Zipitishe kwenye mawimbi ya sauti kwa sekunde 30 ili madonge yatengane. Ziache ndani ya chemba kati ya dakika 20 na saa moja, kisha suuza taratibu kwa mikrolita 500 au zaidi hadi zile zinazoelea ziishe.

Tangu sasa adui mkubwa ni kiputo cha hewa. Mvutano wa uso wa maji ni nyutoni 0.072 kwa mita. Ukizidisha kwa upana wa shanga ya nusu mikromita unapata zaidi ya pikonyutoni 30,000. Kifungo cha bayotini na streptavidini hukatika kwenye pikonyutoni mia moja au mbili hivi, na cha digoksijenini kinaachia mapema zaidi. Kiputo kimoja kikipita, chemba yote imefagiwa. Ondoa hewa kwenye bafa kwa pampu, ipashe hadi joto la chumba kabla ya kuitumia (bafa iliyotoka kwenye friji hutoa viputo inapopata joto), na usiinue ncha ya pipeti kabla tone halijakutana na tone.

Kupima mchezo wa shanga

Kamera ya fremu 30 kwa sekunde inatosha, ila muda wa kila fremu kuwa wazi usizidi milisekunde 10. Ukiuacha wazi kwa milisekunde 33 zote, shanga inatembea ndani ya fremu moja, picha inaifuta sehemu ya mwendo wake, na mchezo unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kosa hili halionekani kwa macho. Mtu anaweza kuripoti DNA fupi kumbe kamera yake ni ya polepole.

Programu inatafuta kitovu cha doa la shanga katika kila fremu. Doa lenyewe lina upana wa mamia ya nanomita, lakini kitovu chake kinaweza kupatikana kwa usahihi wa nanomita chache, kwa sababu kinakokotolewa kutoka pikseli nyingi kwa pamoja. Kisha chukua umbali wa shanga kutoka kitovu cha wastani, uzidishe kwa wenyewe, tafuta wastani ndani ya dirisha la sekunde 4, na utoe kipeuo cha pili. Nambari hiyo moja, ikichorwa dhidi ya muda, ndiyo data yako.

Kwa nini sekunde 4? Dirisha likiwa fupi, mstari unakuwa na kelele na viwango viwili vinachanganyikana. Likiwa refu, viwango vinatengana vizuri lakini kitanzi kilichodumu sekunde 3 kinamezwa bila kuacha alama. Kitu chochote kinachodumu chini ya takriban mara mbili ya dirisha usikihesabu, na ukikokotoa muda wa wastani wa kitanzi, rekebisha kwa zile fupi ulizozikosa.

Slaidi nayo inahama taratibu kwa sababu chuma cha hadubini kinapanuka chumba kikipata joto. Tafuta shanga mbili au tatu zilizonata kabisa kwenye kioo ndani ya picha hiyohiyo, na uondoe mwendo wao kutoka kwa shanga zinazocheza. Shanga hizo zilizonata zina kazi nyingine pia: mchezo wao ndio kiwango cha kelele ya mashine yako. Ukiwa juu ya nanomita 10, shughulikia meza na kiyoyozi kabla ya kuigusa protini.

Kabla ya kuingiza LacI, rekodi kila shanga kwa dakika 5 hadi 10 bila protini, kisha uzichuje bila huruma. Shanga iliyofungwa kwa DNA moja inacheza ndani ya duara. Iliyofungwa kwa mbili inacheza ndani ya yai. Linganisha upana wa mchezo katika mwelekeo mpana zaidi na ule mwembamba zaidi. Uwiano ukizidi 1.1, itupe. Ambayo mchezo wake haulingani na urefu wa DNA uliyoiweka, itupe pia. Kupoteza nusu ya shanga katika hatua hii ni kawaida.

Jaribio jingine linalostahili kufanywa angalau mara moja kwa kila DNA mpya ni la kukata: ingiza kimeng'enya kinachokata mahali pamoja tu kwenye mfuatano wako. Shanga halali zitaachia na kwenda na maji. Zinazobaki zilikuwa zimenata kwa njia nyingine, na idadi yake inakuonyesha ni kiasi gani cha data yako ya awali kilikuwa uongo.

Ukubwa wa shanga nao una siri yake. Shanga haiwezi kupenya kioo, na kila inapogonga kioo inasukumwa juu, jambo ambalo kwa wastani linaivuta DNA kidogo. Shanga ikiwa kubwa kwa DNA fupi, mvuto huo unatosha kupunguza nafasi ya kitanzi kufungwa. Kwa hiyo shanga ndogo ni bora hadi pale inapokuwa ngumu kuonekana. Nusu mikromita ni mapatano mazuri kwa DNA ya jozi mia kadhaa hadi elfu mbili hivi.

Ingiza LacI sasa, kwa kuanzia nanomola 1, na usubiri dakika 20. Mstari unaanza kurukaruka kati ya viwango. Mara nyingi utaona vitatu: kirefu kimoja, na vifupi viwili, kwa sababu protini inaweza kuzishika operata kwa mikao zaidi ya mmoja. Usiviunganishe viwili hivyo kwa ajili ya urahisi.

Kinachofuata ndicho huwapoteza wengi. Ukipandisha ukolezi wa protini, kitanzi kinaongezeka, halafu kinaanza kupungua, na kwenye ukolezi mkubwa kinatoweka. Mwanafunzi anadhani protini imeharibika. Protini ni nzima. Kwa kitanzi inatakiwa protini moja ishike operata zote mbili, hivyo uzito wa hali hiyo hukua sambamba na ukolezi. Lakini ipo hali nyingine, ambapo kila operata imepata protini yake, na uzito wa hali hiyo hukua kwa mraba wa ukolezi. Protini zikijazana, kila operata inakaliwa kivyake na kichwa cha pili hakina pa kushika. Kilele cha kitanzi kinakaa pale ambapo ukolezi ni sawa na kipeuo cha pili cha zao la viwango viwili vya mshiko (ukolezi ambao nusu ya operata inakuwa imeshikwa), kimoja cha kila operata. Kwa hiyo mkunjo huo wa kupanda na kushuka una habari nyingi kuliko pointi yoyote moja, na anayepima kwenye ukolezi mmoja tu hana anachoweza kusema kuhusu nguvu ya kitanzi.

Kwenye ukolezi wa pikomola, protini inanata kwenye kuta za mirija ya plastiki. Tumia mirija isiyonata, weka albumini ya ng'ombe kwenye bafa, na tengeneza myeyusho mwembamba muda mfupi kabla ya kuutumia. Subiri zaidi pia, maana protini zikiwa chache zinachelewa kufika.

Majaribio ya ulinganisho ni matatu, na yote ni ya lazima. DNA ileile isiyo na operata moja: mstari usiruke. IPTG ya milimola 1, ambayo inaifanya LacI iilegeze operata: vitanzi vifunguke. Chemba isiyo na protini, ikirekodiwa kwa muda uleule: isionyeshe kitu. La tatu likionyesha miruko, shanga zako zinanata kwenye kioo na kubanduka, na hiyo inafanana na kitanzi kwa kila kitu isipokuwa maana.

Ukiingia kwenye rangi na leza

Kwa uakisi kamili wa ndani, leza inapiga mpaka wa kioo na maji kwa pembe inayozidi nyuzi 61 hivi, inarudi yote, na kuacha mwanga dhaifu unaofika nanomita 100 hadi 200 tu ndani ya maji. Rangi iliyo karibu na kioo inang'aa, iliyo mbali haionekani. Hata hivyo, protini iliyopakwa rangi ikizidi makumi ya nanomola, zile zinazoelea ndani ya tabaka hilo zinatosha kuficha ile moja unayoitafuta.

Kaseini haitoshi hapa, kwa kuwa protini moja iliyonata inaonekana sawa kabisa na protini moja iliyoshika DNA. Kioo kinafunikwa kwa PEG, polima inayozuia protini kunata. Safisha kama hapo juu, kisha tumbukiza ndani ya methanoli mililita 100, asidi ya asetiki mililita 5 na APTES (kemikali inayokiwezesha kioo kushikwa na PEG) mililita 1 kwa dakika 20. Suuza kwa methanoli na maji, kausha. Yeyusha PEG ya dalton 5,000 miligramu 80 pamoja na PEG yenye bayotini miligramu 1 hadi 2 kwenye mikrolita 320 za sodiamu baikaboneti ya mola 0.1, pH 8.5. Weka mikrolita 70 kwa kila kifuniko mara moja, uache usiku kucha gizani ndani ya kisanduku chenye unyevu.

Hapa ndipo hali ya hewa inaingia. Chupa ya PEG ikitoka kwenye friza iache imefungwa hadi ifikie joto la chumba, angalau nusu saa. Mombasa au Dar es Salaam, chupa baridi ikifunguliwa, umande unatua juu ya unga papo hapo, na maji hayo yanakiua kile kikundi kinachotakiwa kushika kioo. Unga unabaki mweupe vilevile, unayeyuka vilevile. Ugawe kwenye mirija ya matumizi ya mara moja siku unapoupokea, chini ya naitrojeni ukiwa nayo, na uihifadhi pamoja na vidonge vya kukausha hewa. APTES nayo inaharibiwa na unyevu. Iliyoanza kuwa na ukungu haifai.

Pima kioo kabla ya kukiamini. Ingiza DNA yenye rangi na bayotini kwa pikomola 50 bila kuweka neutravidini (protini inayoshika bayotini), na uhesabu madoa. Kisha weka neutravidini ya miligramu 0.2 kwa mililita kwa dakika 5, suuza, na ingiza DNA ileile. Ya pili ikiwa na mamia ya madoa na ya kwanza chini ya kumi, endelea. Vinginevyo tupa, usijaribu kuokoa.

Rangi hufa ikimulikwa, na oksijeni inaharakisha kifo hicho. Dawa ya kawaida ni glukosi oksidesi na katalesi pamoja na glukosi, ambazo hula oksijeni iliyomo kwenye bafa, na Trolox ya milimola 1 hadi 2 ili rangi isipepese. Mchanganyiko huo huzaa asidi, na chemba ikiwa wazi kwa hewa pH inashuka kadiri muda unavyokwenda. Ziba matundu, ongeza Tris, badilisha myeyusho kila baada ya nusu saa. Ukitumia rangi ya Cy5, usiweke TCEP (kemikali ya kuzuia protini isioksidike) kwenye bafa: inaungana na rangi hiyo na kuizima.

Kwenye FRET, ufanisi ni 1 gawanya kwa 1 kujumlisha (r/R₀) kwa kipeo cha 6, ambapo r ni umbali kati ya rangi mbili na R₀ ni umbali ambao ufanisi ni nusu. Kwa Cy3 na Cy5, R₀ ni kati ya nanomita 5 na 6. Umbali ukiwa nusu ya R₀ ufanisi ni 0.98, ukiwa mara moja na nusu ni 0.08. Kipeo hicho cha 6 ndicho kinachokupa ukali katikati na upofu pembeni, kwa hiyo weka rangi zako mahali ambapo mabadiliko unayoyatarajia yatavuka R₀. Doa halali hufa kwa hatua moja ya ghafla. Likishuka kwa ngazi mbili, una molekuli mbili.

Kosa la kawaida kwenye kupima muda wa protini kukaa ni kuchanganya kuondoka kwake na kufa kwa rangi yake. Kasi unayoiona ni jumla ya zote mbili. Tuseme kwa leza kamili madoa yanatoweka kwa 0.25 kila sekunde, na kwa nusu ya leza yanatoweka kwa 0.175. Tofauti ya 0.075 ni nusu ya kasi ya kifo, hivyo kifo kwa leza kamili ni 0.15, na protini yenyewe inaondoka kwa 0.10 kila sekunde. Bila kipimo cha pili ungeandika kwamba inakaa sekunde 4 kumbe inakaa 10.

Nguvu

Kibano cha sumaku kinatumia hesabu ileile ya mchezo wa shanga, ila sasa kuna sumaku juu. Nguvu ni 4.1 mara urefu wa DNA, gawanya kwa wastani wa mraba wa mchezo wa pembeni. DNA iliyonyooka nanomita 2,000 na mchezo wa nanomita 90 ina nguvu ya pikonyutoni 1. Huhitaji kujua chochote kuhusu sumaku yenyewe.

Kabla ya kupima, zungusha sumaku kwenye nguvu ndogo, kama pikonyutoni 0.3. DNA nzima, iliyofungwa kwa bayotini nyingi upande mmoja na digoksijenini nyingi upande mwingine, inafupika ukizungusha kulia na inafupika ukizungusha kushoto. Isiyofupika kabisa ina uzi mmoja uliokatika. Inayofupika ghafla ndani ya mzunguko wa kwanza ni DNA mbili zinazosokotana chini ya shanga moja.

Kwenye kibano cha mwanga, DNA ya faji lambda (kirusi cha bakteria) ya jozi 48,502, yenye urefu wa mikromita 16.5, ni rula ya bure. Ivute, isipoanza kurefuka karibu na pikonyutoni 65, ama kipimo chako cha nguvu kimekosea au umeshika zaidi ya moja. Kata ncha ya pipeti kabla ya kuinyonya, kwa kuwa tundu jembamba linaikatakata. Kumbuka pia kwamba leza ya nanomita 1064 inapasha maji joto kwa karibu nyuzi 1 kwa kila miliwati 100, na kimeng'enya kinaihisi nyuzi hiyo.

Kwa chombo chochote, matukio 100 yanakupa muda wa wastani wenye kosa la asilimia 10 hivi, na 400 yanaishusha hadi 5. Yatoke kwenye chemba zaidi ya moja, zilizotengenezwa siku tofauti, kwa kuwa matukio 400 kutoka kioo kimoja yanabeba kasoro moja ya kioo hicho mara 400. Hifadhi picha ghafi, si mistari tu: kamera ya pikseli 512 kwa 512, baiti moja kwa pikseli, fremu 30 kwa sekunde, inajaza takriban gigabaiti 28 kwa saa. Nunua diski mbili kabla ya kununua protini.